Mke wa Marehemu Hana Jina

Ukurasa wa matangazo ndio ukurasa ambao wengi wetu tunauruka. Tunasoma habari kubwa, tunakimbilia michezo, halafu gazeti linakwenda kufungia vitumbua. Lakini kwa mtu anayetafuta ukoo wake, hasa upande wa wanawake, mali iko kwenye ukurasa ule ule. Kurasa za mbele wanakaa mawaziri na wakuu wa mikoa. Kwenye vimistari vya tanzia, mirathi, shukrani na vyeti vilivyopotea ndiko walikopita watu wa kawaida.

Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka kumi, na kwa miaka mitatu sasa nasoma kurasa hizo kwa kazi isiyolipwa. Namtafuta bibi yake bibi yangu. Kwa hesabu ya Kiswahili, mimi ni kilembwe wake. Nimempata, kwa kiasi. Swali linaloninyima usingizi ni jingine kabisa: je, nikishampata, nina haki ya kumwandika?

Nianze na mahali. Ukoo wetu ni wa upande wa Mbozi, mkoa wa Songwe. Ukitafuta "mkoa wa Songwe" kwenye magazeti ya zamani utakesha bure, kwa sababu mkoa wenyewe umezaliwa 2016. Kabla ya hapo yote ilikuwa Mbeya, na ukirudi nyuma zaidi majina ya wilaya nayo yanabadilika. Halafu kuna mpaka. Leo Tunduma ni foleni ya malori, wabadilisha fedha, na Nakonde unayoiona kwa macho ng'ambo ya pili. Mstari huo ulitokana na mkataba wa 1890 kati ya Wajerumani na Waingereza, ukawakata Wanyamwanga vipande viwili bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo mwanamke wa huku angeweza kuzaliwa ng'ambo, kuolewa huku na kuzikwa huku, na ndugu zake wakaja kusoma gazeti jingine kabisa. Kule Rhodesia ya Kaskazini serikali ilianzisha gazeti lake la Waafrika, Mutende, mwaka 1936. Sisi tulikuwa na Mambo Leo.

Mambo Leo lilianza 1923, gazeti la kila mwezi la serikali ya kikoloni. Kabla yake, wakati wa Mjerumani, palikuwa na Kiongozi, lililochapwa Tanga hadi 1916. Baadaye alikuja Erica Fiah na Kwetu yake, 1937, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Uhuru likazaliwa 1961. Magazeti haya yalipishana sana kisiasa, lakini habari za mashambani ziliyafikia kwa njia moja: mtu wa kule kule aliandika barua. Na mtu huyo alikuwa nani? Mwalimu, karani, mwinjilisti. Yaani mwanamume aliyepita shule na mwenye senti za stempu. Aliandika juu ya mvua, nzige, ziara ya bwana shauri, harusi ya mwalimu mwenzake na kifo cha mkubwa wa kijiji. Wanawake walikuwemo katika habari hizo, ila waliingilia mlango wa nyuma.

Ndiyo maana njia ya kumtafuta mwanamke ni kuwatafuta kwanza wanaume wake. Nilianza na majina mawili, la mumewe na la mwanawe wa kwanza, aliyekuwa mwalimu. Bila mwalimu huyo nisingepata hata herufi moja. Nilifungua majalada katika Kumbukumbu za Taifa pale Upanga, na East Africana ya Maktaba ya Chuo Kikuu, karatasi zikinimegukia vidoleni. Mavuno ya miaka mitatu ni matangazo matatu. Sitataja ni magazeti gani wala matoleo gani, na sababu utaiona mbele.

La kwanza ni kifo cha mumewe, mistari minne. Marehemu ametajwa kwa jina lake na la baba yake, amesifiwa kwa ukarimu, na mwisho imesemwa ameacha mke na watoto. La pili ni la mwanawe mwalimu kuhamishiwa shule nyingine. Huyu ni "mwana wa marehemu fulani". Mama yake yu hai, tena anaishi nyumba moja naye, lakini hayumo. La tatu ni tanzia ya mwalimu huyo huyo, aliyemtangulia mama yake kufa. Hapo ametokea kama "mama mzazi wa marehemu". Mke, hayupo, mama mzazi: huo ndio wasifu wake wote uliochapwa. Jina lake halimo hata mara moja. Alipokufa yeye mwenyewe, miaka ya sitini, hakuna aliyekwenda gazetini. Bibi anasema kijana mmoja alipewa baiskeli, akapita vijiji vitatu, jioni watu wakawa wamejaa.

Ni rahisi kukasirika hapa, na mimi nilikasirika. Lakini hasira ikishapoa inabidi uulize tangazo ni kitu gani. Tangazo halijawahi kuandikwa kwa ajili ya kumweleza mtu. Linaandikwa kwa sababu aliye hai ana shida. Anayeweka tanzia anataka ndugu wafike kabla ya mazishi. Anayeweka tangazo la mirathi anaitaka mahakama imthibitishe kuwa msimamizi, na mwenye pingamizi ajitokeze mapema. Anayetoa shukrani anataka majirani wajue kwamba michango yao imeonekana. Kila neno linagharimu, kwa hiyo kila neno lililobaki lina kazi. "Ameacha mke" ilikuwa na kazi: kuujulisha ulimwengu kwamba kuna mjane wa kurithiwa au kutunzwa. Jina lake lisingemwongezea mwandishi faida yoyote. Tukilisoma tangazo kama wasifu, tunalidai kitu ambacho halikukopa.

Tukilisoma kama ushahidi wa shida ya mtu aliyeliandika, linaanza kusema mengi. Chukua ile tanzia ya mwalimu. Nyote mnaujua mtindo wake, maana hadi leo haujabadilika sana, na redio iliukuza zaidi: habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, fulani wa kituo fulani, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Orodha ile ni ramani. Ukiiweka juu ya meza na kalamu mkononi, unaona ukoo ulivyosambaa: huyu yuko mgodini, yule yuko mkonge Tanga, mwingine ameolewa Rungwe. Katika tanzia ya mwalimu, ndugu wa upande wa baba wako tisa, kila mmoja na mahali pake. Upande wa mke wake wapo wanne. Upande wa mama yake hakuna hata mmoja. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa msibani. Mazishi hayaendi kabla ya wajomba kufika au angalau kupelekewa habari. Tanzia yenye nafasi ya kumtaja mpwa aliye mgodini haiwezi kumsahau mjomba wa marehemu. Hakusahauliwa. Hakuwepo.

Nilimpelekea bibi swali hilo, naye amepita miaka themanini. Hakushtuka. Alisema bibi yake alikuwa mtu mkimya, hodari wa kupepeta, na kwamba akihesabu debe za ulezi alihesabu kwa lugha ambayo hapakuwa na mwingine aliyeijua pale nyumbani. Walipokuwa watoto walimwiga, wakacheka, naye akacheka nao. Akiulizwa kwao ni wapi, aliinua mkono kuelekea lilikozama jua. "Tulijua tu kwamba hatuulizi zaidi," bibi alisema.

Msomaji wa historia ya nyanda hizi ameshaelewa. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ukanda huu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikuwa njia ya misafara na uwanja wa mashambulizi. Watoto na wanawake walitekwa, wakatolewa kulipa deni au fidia, wakabadilishwa kwa nguo na pembe. Wengi hawakufika pwani wala sokoni Unguja. Walibaki humu humu, wakawa wake, wakazaa, wakalima, wakazikwa. Ni utumwa usio na picha ya minyororo, kwa hiyo tumeusahau kwa urahisi.

Wachache sana kati yao walipata kusimulia. Katika kituo cha Wamoraviani cha Utengule, si mbali na mji wa Mbeya, mmisionari Mjerumani Elise Kootz-Kretschmer aliandika masimulizi ya watu waliofika pale kutafuta hifadhi. Wawili kati yao ni wanawake ambao kila Mtanzania wa kusini angefaa kuwajua: Narwimba na Chisi. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha masimulizi hayo mbele ya wasomaji, na mwaka 1993 yakatoka katika kitabu chake Strategies of Slaves and Women. Chisi alitekwa akiwa mtoto, akapita mikono mingi, na katika maandishi anatajwa kwa majina matatu yaliyounganishwa: Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Majina matatu, mtu mmoja. Fikiria ungekuwa unamtafuta gazetini. Ungemtafuta kwa lipi?

Narwimba naye ndiye aliyenifundisha kuyasoma upya matangazo yangu. Mumewe alipokufa, yeye mwenyewe aliomba arithiwe na ndugu wa marehemu. Msomaji wa leo, mimi nikiwa mmoja wao, anataka asikie mwanamke akikataa kurithiwa. Lakini katika dunia ile, mwanamke asiye na mwanamume wa kumsemea alikuwa mali iliyosahaulika njiani, anaokotwa na yeyote. Wright anaonyesha kwamba wanawake hawa walitafuta mahali pa kushikilia, wakashika kwa akili na kwa nguvu zao zote. Kuwa "mke wa fulani" kulikuwa ukuta. Nikalirudia lile tangazo la kwanza, "ameacha mke". Kwa mtu aliyefika akiwa mtoto asiye na mjomba, kutajwa hadharani kuwa ni mke, wala si kitu kingine, huenda kulikuwa ushindi mkubwa kuliko jina. Hilo silijui kwa hakika. Lakini hasira yangu ya kwanza haikuacha nafasi hata ya kuliwaza.

Tukumbuke pia kwamba Narwimba na Chisi hawakusikilizwa bure. Mmisionari alikuwa na shida yake: alihitaji masimulizi ya watu waliotoka gizani wakafika kwenye nuru. Simulizi za Utengule nazo ni tangazo, ila refu zaidi. Tunashukuru zipo, na tunazisoma tukijua nani alilipia nafasi.

Sasa nifike kwenye mgogoro wenyewe. Mwaka jana habari za utafiti wangu zilimfikia mjomba, mtoto wa kaka yake bibi, ambaye ndiye anayekaa kwenye shamba la kahawa la yule mwalimu. Alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za kazi, halafu akanyamaza kidogo.

"Mpwa wangu, nasikia unaandika habari za bibi mkubwa."

"Natafuta tu, mjomba. Sijaandika."

"Ukiandika, utaandika kwamba alikuja vipi?"

Nikamwambia sijui bado.

"Wewe ukishaandika unapanda basi unarudi Dar. Sisi tunabaki na hawa watu."

"Hawa watu" ni tawi jingine la ukoo, waliotoka kwa mke mwingine wa yule mzee, na shamba lina kesi ya maneno ya muda mrefu. Tangu barabara ya kwenda Tunduma ilivyochangamka, ardhi ya huku si ile ya kugawana kwa kuoneshana mti. Mjomba anajua kitakachoulizwa siku ikijulikana rasmi: kwa bibi yenu walitoa ng'ombe wangapi, na waliwapelekea nani? Swali hilo halina jibu, na katika baraza la ukoo swali lisilo na jibu linaweza kuhamisha mpaka wa shamba. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Neno lenyewe halikufutwa. Bado linatunzwa, mahali pa siri, kwa ajili ya siku ya ugomvi.

Mwenzangu mmoja kazini, mtu wa msimamo, aliniambia kwamba kunyamaza ni kuendelea kuwalinda watekaji. Aibu ni yao, akasema, na siku tutakayoacha kuificha ndiyo siku itakayokosa nguvu. Naiheshimu hoja hii, na kwa jamii nzima nadhani ni kweli. Lakini hebu angalia nani analipa. Watekaji wamekufa. Anayesifiwa kwa ujasiri wa ukweli ni mimi, mwenye jina juu ya makala. Atakayeitwa mbele ya baraza ni mjomba na wanawe. Ukweli ambao mmoja anavuna sifa na mwingine anatozwa faini unahitaji kuombewa ruhusa.

Upande wa pili nao una hoja. Wako wanaosema: mwenyewe hakusema, basi muacheni. Aliinua mkono kuelekea magharibi, akaishia hapo. Nani wewe umalizie? Hapa nasita zaidi. Ukimya wake ulikuwa na sababu yake kama ilivyo ya mjomba, tena nzito zaidi. Lakini aliendelea kuhesabu. Miaka yote ile angeweza kuhesabu kwa lugha ya mumewe, aliijua vizuri. Aliweka namba zake mbele ya wajukuu, kila mavuno, wakacheka naye akacheka. Siwezi kuapa kwamba alikuwa anatuachia kitu. Naweza kusema tu kwamba aliyetaka kufuta kila alama asingehesabu kwa sauti.

Kuna kishawishi cha tatu, na wasomaji wa fasihi wanakifahamu: kumtungia. Nipe siku ya kutekwa, nipe mama anayelia, nipe msafara unaovuka mto, na nitakupa riwaya. Wapo waandishi wanaofanya hivyo vizuri, nami nawasoma kwa raha. Lakini wameandika "riwaya" kwenye jalada. Mimi nikimjaza bibi machozi yangu halafu nikayaita historia ya ukoo, nitakuwa nimempa jina la nne, baada ya yale waliyompa wengine.

Watu wa Mbozi tuna mfano wetu wa mambo haya. Kile kimondo cha Marengi, chuma cha tani kama 16, vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji aitwaye Nott. Wenyeji walikijua kabla babu yake Nott hajazaliwa. Kilichotokea 1930 ni kuchapwa. Tukikubali kwamba kitu huanza kuwepo siku kinapoandikwa, tunakubali pia kwamba mwanamke aliyelima, aliyezaa na aliyehesabu debe za ulezi miaka sitini hakuwepo, kwa kuwa mwandishi wa tangazo alibana nafasi. Haja yangu ya kumwandika isitokane na hofu hiyo. Alikuwepo bila mimi.

Basi nimeamua hivi. Makala hii haina jina lake, la kijiji wala la ukoo, na yale matoleo ya gazeti nimeyataja kwa namna ambayo mtu wa baraza hawezi kuyafuata. Wako kilembwe wengi Songwe wanaoweza kudhani ni bibi yao, na huenda wako sahihi kuliko wanavyojua. Nakala za matangazo yote matatu, pamoja na maneno ya bibi jinsi alivyoyasema, nimezikabidhi kwa mama na dada zake wawili. Wao ndio wataamua lini zifunguliwe na nani aambiwe. Mjomba anajua zilipo. Hakufurahi, lakini alisema heri ziko kwa dada zake kuliko kwenye intaneti. Mama mdogo ameanza kumuuliza bibi zile namba, moja baada ya nyingine. Amefika sita. Ya saba bibi anasema iko mdomoni ila haitoki.

Kubaki kwa siri kuna gharama, na sitajifanya siioni. Kwa kumnyima jina hapa, nimefanya kile kile walichofanya waandishi wale watatu. Tofauti ni kwamba wao hawakulihitaji, na mimi ninalo na nimeliweka mahali. Kama tofauti hiyo inatosha, wataamua watakaokuja baada yetu, siku ambayo kesi ya shamba itakuwa imekwisha na neno lile halitakuwa na wa kumuumiza.

Liko jambo moja lisilohitaji ruhusa ya mtu. Matangazo bado yanaandikwa kila siku, gazetini, redioni, na sasa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ambako neno haligharimu kitu. Ila tumebaki na ubahili wa zamani: ameacha mjane na watoto watano. Mwezi wa tatu tulipofiwa na mmoja wa wajomba, niliombwa niandaye tanzia kwa kuwa "wewe ndiye mwandishi". Niliandika jina la mjane kamili, la baba yake na la mama yake, na kijiji alichozaliwa. Mzee mmoja aliuliza mbona imekuwa ndefu. Mjane aliisoma mara mbili, akaomba nisahihishe herufi moja kwenye jina la mama yake.